CHUNGU NYUMA YA STESHENI YA TORORO

Ndugu msomaji, ukifika Tororo usiulize jina la kilabu hiki, maana hakina jina wala kibao. Uliza tu "kule nyuma ya stesheni", na mtoto yeyote atakuonyesha njia. Utavuka reli, utapita nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, kisha utafuata harufu ya wimbi lililochacha. Paa lake ni mabati yaliyoliwa na kutu, yamewekewa mawe ili upepo usiyabebe. Ukuta ni wa udongo na unaishia kiunoni. Viti ni mataruma mabovu yaliyolazwa juu ya matofali. Mvua ikinyesha kwa nguvu watu husogea upande mmoja, na chungu husogezwa pamoja nao.

Tulifika hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, tukitoka Busitema kwa shughuli nyingine. Nia yetu ilikuwa kukaa kidogo, kunywa kidogo na kuandika machache juu ya pombe ya asili. Mambo hayakwenda hivyo. Tulikuta mjadala wa mishahara, tukatakiwa kushika kalamu, na ikatubidi turudi Jumanne kuona mwisho wake. Habari hiyo ndiyo tunayowaletea.

Malwa na kazi yake

Kwanza tuwaeleze wasomaji wa mbali ambao hawajapata kuiona malwa. Ni pombe ya wimbi. Wateso huiita ajon, Wapadhola huiita kongo, lakini katika miji ya Uganda jina lililoshinda ni malwa. Ng'ambo ya mpaka, ndugu zetu wa Kenya wana busaa, ambayo huchanganywa unga wa mahindi.

Unga wa wimbi hulowanishwa kwa maji kidogo, kisha hufunikwa kwa siku kadhaa, hata wiki nzima, mpaka uchachuke. Baadaye hukaangwa juu ya bati pana lenye moto mkali chini yake, huku ukigeuzwa kila mara usiungue. Ukiisha kuwa na rangi ya kahawia huanikwa juani. Halafu hutiwa chunguni pamoja na maji na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na chachu huigeuza sukari hiyo kuwa pombe. Baada ya siku tatu au nne kitu kiko tayari.

Siku ya kunywa, machicha hayo mazito hutiwa katika chungu kikubwa na kumiminiwa maji ya moto. Wanywaji huketi duara, kila mmoja na mrija wake mrefu, mwingine hufika mita mbili na zaidi. Ncha ya mrija ina kichujio kilichosukwa ili machicha yasipite. Maji ya moto huongezwa kila yakipungua, na ladha hupungua polepole, hata jioni ikageuka usiku.

Tumeeleza haya yote kwa makusudi. Tangu unga ulowanishwe hadi mtu wa kwanza avute mrija, zimepita siku kumi, pengine na zaidi. Siku zote hizo fedha ya mama mwenye chungu imelala ndani ya wimbi, ndani ya kuni na ndani ya maji aliyochota. Hana mshahara wa kungojea mwisho wa mwezi. Mshahara wake ni mishahara ya wengine.

Sheria za chungu

Mgeni akitazama kwa mbali ataona watu wamekaa ovyo. La hasha. Kilabu hiki kina mwenyekiti, mweka hazina na mtu wa kutunza amani. Kila mwanachama hulipa sehemu yake kabla ya kuketi, au huandikwa katika daftari la deni. Hakuna kupuliza mrijani. Hakuna kuvuta mrija wa jirani bila ruhusa yake. Anayetaka kutoka nje humkabidhi mwenzake mrija. Anayetukana hutozwa faini, na faini huingia katika mfuko wa misiba na wagonjwa.

Sheria moja ilitupendeza kuliko zote. Mtu anayekwenda zamu haketi. Akiketi kwa bahati mbaya, mwenyekiti humnyang'anya mrija mbele ya wote, hata akiwa mkubwa kiasi gani. Tuliuliza sheria hiyo ilitoka wapi. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa gadi wa treni za mizigo, alitujibu kwa sauti ndogo:

"Ilitoka relini. Behewa lililojaa saruji halijui kwamba wewe umelewa. Likishaanza kuteremka, limeteremka. Sisi tulizika wenzetu kabla ya kuandika sheria hii, wanangu. Hatukuisoma kitabuni."

Reli ilivyoleta watu

Yafaa kukumbuka jinsi watu hawa walivyokutana mahali hapa. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, pale panapoitwa Kisumu leo, na mizigo ya Uganda ikawa inavushwa kwa meli. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha mpaka: sehemu kubwa iliyokuwa mkoa wa mashariki wa Uganda ikatiwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta wako pande mbili, ndugu huku na ndugu kule. Reli ya pili, iliyopita Nakuru na Eldoret, ilifika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kutoka Tororo tawi jingine lilielekea kaskazini kupitia Mbale na Soroti, na mwaka 1964 likafika Pakwach, kwenye mto Nile.

Hivyo Tororo ikawa njia panda ya reli. Panapokuwa na njia panda ya reli hukusanyika madereva wa injini, wachochea moto, magadi, wapanga mabehewa, mafundi, makarani na magenge ya kukarabati njia. Katika miaka ya 1950 kikafunguliwa kiwanda cha saruji, wakaongezeka wapakiaji. Walitoka pande zote: Wapadhola na Wateso wa hapahapa, Wasamia, Wabagwe, Wanyole, Wagisu, Waluo na Waluhya wa Kenya. Kila mmoja alikuja na lugha yake. Kazini na chunguni walisemezana Kiswahili, na ndiyo sababu hata leo, katika nchi ambayo Kiswahili hakina wazungumzaji wengi vijijini, wazee wa kilabu hiki wanakisema bila kusita.

Wazee hao wana hadithi zao. Mmoja alituambia kwamba zama za injini za mvuke, mama mwenye chungu alikuwa hachemshi maji. Mchochea moto alikuwa akisimamisha injini karibu, akafungua koki, ndoo ikajaa maji ya moto, na malwa ikanywewa kwa gharama ya shirika. Mzee mwenzake, aliyekuwa mchochea moto kweli, alicheka hata machozi yakamtoka. "Mwongo huyu! Maji yale yalikuwa na dawa ya kuzuia kutu. Mngeyanywa, msingekuwa hapa kusema uongo." Hatukuamua kesi hiyo.

Hadithi nyingine hazikuwa za kuchekesha. Mwenyekiti aliajiriwa mwaka 1968, wakati Reli na Bandari za Afrika Mashariki zilikuwa shirika moja la nchi tatu. Mwaka 1970 serikali ya Uganda ya wakati huo iliamuru wafanyakazi Wakenya waondoke, na maelfu kwa maelfu walirudi makwao. "Siku hiyo," alisema, "chungu kilikuwa na mirija kumi na minane. Juma lililofuata tulikuwa saba. Mama wa wakati ule aliiweka ile mirija mingine juu ya dari, akasema watarudi. Wengine walirudi, wengi hawakurudi."

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la reli likagawanywa, kila nchi ikabaki na chake. Mgawanyo wa mali na madeni ulikubaliwa mwaka 1984, baada ya upatanishi mrefu wa Victor Umbricht wa Uswisi, lakini wafanyakazi wengi wa jumuiya ile waliendelea kudai malipo yao kwa miaka mingi baadaye, na wako waliokufa wakidai. Mwaka 1997 treni za abiria zilisimama nchini Uganda. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni ya binafsi, na mkataba huo ukavunjika mwaka 2017. Kila badiliko la namna hiyo lilipunguza mirija chunguni.

Siku hizi duara limebadilika. Wastaafu wa reli ni wachache. Waliobaki ni wapakiaji wa kutwa, madereva wa bodaboda, mafundi wa kuchomelea na wasaidizi wa malori yanayongoja kule Malaba. Wengi hawana chama cha wafanyakazi, hawana barua ya ajira, na wanalipwa kwa kuhesabiwa siku.

Daftari la mama

Sasa turudi kwenye Jumamosi yetu. Tulikuwa tumeketi kama nusu saa. Wapakiaji tisa walikuwa wameahidiwa kulipwa siku hiyo saa nane na mkandarasi mmoja ambaye hatutamtaja. Saa nane ilipita, saa tisa ikapita. Wakaja kilabuni wakiwa na vumbi la saruji kichwani, kama watu waliozeeka kwa siku moja, wakasema, "Mama, tuandikie."

Mama mwenye chungu ni mjane wa miaka hamsini na kitu. Hakukasirika. Alikwenda ndani, akatoa daftari la shule lenye jalada lililochanika, akaliweka juu ya meza mbele ya mwenyekiti. Kisha akasema maneno ambayo tuliyaandika kama alivyoyasema:

"Wazee wangu, na ninyi wanangu. Kurasa kumi na moja zimejaa. Mwezi uliopita niliandika, mwezi huu nimeandika. Jumatatu ni siku ya kununua wimbi. Nisiponunua Jumatatu, baada ya siku kumi hapa hapatakuwa na chungu. Sikatai kuandika. Nauliza tu, mimi nani ataniandika?"

Duara lilinyamaza. Mpakiaji mmoja kijana akajibu kwa uchungu kwamba deni si kosa lao, wao wamefanya kazi, mkosaji ni yule asiyelipa. Mwingine akanung'unika kwamba kama hapa hakuna, ng'ambo ya barabara wanauza waragi wa kwenye vichupa, na kwa fedha kidogo mtu anasahau shida zake zote.

Maneno hayo yaliwasha moto. Mzee mchochea moto aliweka mrija chini, jambo ambalo tuliambiwa halifanyi mara nyingi. Alimwambia kijana kwamba yeye amewazika watu watatu waliokuwa wakisahau shida zao kwa njia hiyo. Na kweli, ndugu msomaji, hapa tuseme wazi. Waragi wa kiwandani una kileo cha asilimia 40 hivi. Ule wa kupikwa kwa siri haujulikani una nini. Mwezi Novemba 2000, mjini Nairobi, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale hapa Uganda, makumi ya watu walikufa kwa sababu hiyohiyo. Serikali ya Uganda ilipiga marufuku waragi wa kwenye vifuko vya plastiki mwaka 2019, lakini biashara ilihamia kwenye vichupa vidogo. Hatusemi kwamba malwa ni maziwa. Ukinywa malwa kila siku kuanzia asubuhi, utapoteza kazi, na watoto wako watakosa daftari. Tofauti ni kwamba malwa hunywewa polepole, mbele ya wenzako, na wenzako wanaweza kukunyang'anya mrija. Kichupa hunywewa peke yako, nyuma ya ukuta.

Mwenyekiti aliinua mkono. Alilichukua daftari, akavaa miwani, akalifungua. Akasoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili. Kisha akamuuliza mama, "Haya maneno ya pembeni ni ya nini?"

Mama akaeleza. Yeye haandiki jina na deni tu. Ili asisahau, huandika pia mtu alikuwa anatoka wapi. "Jumatano, watu sita, wametoka kushusha saruji." "Ijumaa, watu tisa, wamepakia mabehewa mawili." Kila siku, kwa tarehe, kwa muda wa wiki saba.

Mzee akavua miwani. "Ninyi," akawauliza wapakiaji, "mna karatasi inayoonyesha siku mlizofanya kazi?" Hawakuwa nayo. Mkandarasi ndiye aliyekuwa na orodha, na kila wakidai alisema siku ni pungufu kuliko wanavyosema. "Basi karatasi yenu ni hii," mzee akasema. "Mama huyu amewaandikia siku zenu bila kujua."

Hapo ndipo tulipotakiwa kushika kalamu. Tuliketi na wapakiaji hadi giza likaingia, kwa mwanga wa taa ya simu, tukinakili tarehe moja moja. Kila mtu alithibitisha siku zake mbele ya wenzake, na siku ambayo hakufanya kazi ilifutwa, kwa sababu mwenyekiti alisema uongo mmoja utaua ukweli kumi. Orodha iliandikwa nakala tatu: moja ya mkandarasi, moja ya afisa kazi wa wilaya, moja ya kubaki kilabuni. Wote tisa wakatia sahihi.

Kabla ya kutawanyika, mweka hazina alifungua mfuko wa misiba. Ilikubaliwa kwamba mama akopeshwe fedha za wimbi la Jumatatu, kwa sababu, kama alivyosema mmoja, chungu kikifa huo nao ni msiba. Wastaafu waliongeza kidogo kutoka mifukoni mwao. Na sisi tulitoa chetu.

Mshahara haulipwi kilabuni

Jumanne tulirudi. Orodha ilikuwa imepelekwa Jumatatu asubuhi. Hatujui ni barua iliyomtisha mkandarasi au ni aibu, lakini saa kumi jioni mtu wake alifika nyuma ya stesheni akiwa na mkoba. Aliwakuta wapakiaji wote wameketi, akafurahi, akavuta kiti. "Nyote mko hapa," akasema, "basi tumalize hapahapa. Na mama achukue chake moja kwa moja."

Kwa kweli ilionekana kuwa rahisi. Vijana wawili walikwisha kusimama. Lakini mwenyekiti alikataa katakata. Akasema mshahara haulipwi kilabuni, haukulipwa kilabuni zama zake na hautalipwa leo. Yule mtu wa mkoba alishangaa, akauliza ni nani aliyetunga sheria hiyo.

Ndugu wafanyakazi, sheria hiyo imetungwa na mataifa. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa mishahara, unasema mshahara usilipwe katika mabaa na mahali kama hapo, isipokuwa kwa watu walioajiriwa humohumo. Unakataza pia mtu kulipwa kwa pombe kali. Na unasema mishahara ilipwe kwa vipindi vya kawaida, si mwajiri anapojisikia. Waingereza wenyewe walipitisha sheria ya kukataza kulipa mishahara katika vilabu vya pombe mwaka 1883, baada ya kuona jinsi wanyapara na wenye vilabu walivyokula njama: mfanyakazi alilazimika kunywa ili apate kazi, na alilipwa pale ambapo fedha haikuweza kutoka nje. Huko Afrika Kusini, katika mashamba ya mizabibu, vibarua walipewa divai kila siku kama sehemu ya ujira wao, na madhara yake yaliendelea kuonekana kwa watoto na wajukuu hata baada ya desturi hiyo kupigwa marufuku.

Mwenyekiti hakuutaja mkataba wowote. Mama mwenye chungu ndiye aliyemwambia mtu wa mkoba sababu, na alisema vizuri kuliko sisi: "Ukiwalipa hapa, kesho mke wa mtu atasema mimi ndiye niliyekula mshahara. Walipe kwenye geti la kazi, kila mmoja ahesabu fedha yake akiwa na akili zake. Anayenidai atakuja. Ninayemdai pia atakuja."

Basi wakaenda getini, wote tisa, pamoja na mwenyekiti na fimbo yake, na sisi nyuma. Walilipwa wiki nne kati ya saba. Wiki tatu zilizobaki waliandikiwa kwenye karatasi kwa sahihi. Si ushindi mkubwa. Lakini hesabu ya siku ilikubaliwa kama ilivyokuwa katika daftari, bila kupunguzwa hata moja.

Tulisubiri kuona wangapi watarudi kulipa deni. Saba walirudi jioni hiyohiyo. Wa nane alimtuma mtoto wake. Wa tisa hakuonekana, na mama alilifunga daftari akasema tu, "Ana mgonjwa nyumbani."

Tunajifunza nini?

Wako wanaosema kwamba chama cha wafanyakazi hakina haja ya kuandika juu ya vilabu. Tunawaelewa. Tumeona mishahara mingi ikiishia huko, na tumeona nyumba zilizovunjika. Wako pia wanaosema malwa ni utamaduni na hauguswi. Sisi tunaona kuna swali kubwa zaidi kuliko hayo mawili, nalo ni hili: mshahara ukichelewa, nani anabeba mzigo?

Mwajiri hubaki na fedha mkononi mwake. Mfanyakazi hukopa. Mwenye duka humkopesha, mwenye nyumba humngoja, na mama mwenye chungu humwandika. Kwa hiyo anayemkopesha mwajiri, mwisho wa hesabu zote, ni mwanamke anayekaanga wimbi juu ya bati kwa moto wa kuni. Tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, mabaa na vilabu vilipofungwa Uganda nzima kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mama huyu aliuza sufuria zake mbili na kitanda kimoja. Mirija aliihifadhi juu ya dari, kama aliyemtangulia alivyofanya mwaka 1970. Hakuna aliyempa fidia, na hakuna chama kilichomsemea.

Reli inaelekea kuamka. Mwezi Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272 hivi. Ujenzi wa namna hiyo huleta vibarua kwa mamia. Watakuja wakiwa na vumbi kichwani, wataahidiwa kulipwa saa nane, na watatafuta mahali pa kuketi. Yafaa tuwakute mapema kwa mambo matatu.

La kwanza, kila kibarua aandike siku zake mwenyewe, kwa tarehe na kazi aliyofanya, hata kama ni katika daftari la shule. La pili, fedha ya jasho ilipwe kazini, mchana, mbele ya wenzake. La tatu, vyama vyetu vifungue mlango kwa vibarua wa kutwa na kwa akina mama wanaowalisha na kuwanywesha, maana nao ni wafanyakazi.

Tulipoaga, jua lilikuwa linazama nyuma ya jabali la Tororo. Treni ya mizigo ilipita taratibu kuelekea Kampala, na mwenyekiti aliyahesabu mabehewa kwa midomo bila kutoa sauti, kama alivyozoea. Kijana mmoja wa wapakiaji alikuwa amenunua daftari jipya sokoni. Alimpa mama, naye akalifungua ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe ya siku hiyo, akamuuliza: "Leo mmetoka kufanya kazi gani?"